Somo Alipewa Mama, Kikapu cha Sokoni Kilikuwa kwa Mwingine: Mradi wa lishe wa Bangladesh kwa jicho la tathmini ya kihalisia

Mwaka 1995 serikali ya Bangladesh, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi mkubwa wa kupambana na utapiamlo vijijini. Mfano wake ulitoka Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako mradi wa namna hiyo ulikuwa umeanza mwaka 1980 na kusifiwa kwa kupunguza utapiamlo mkali kwa watoto wadogo. Nguzo zake zilihamishwa karibu kama zilivyo. Mwanamke wa hapo hapo kijijini anapewa mafunzo na posho kidogo, watoto wanapimwa uzito kila mwezi, wanaodhoofu wanapewa chakula cha nyongeza, na mama zao wanapewa ushauri wa kulisha. Wajawazito waliokonda nao walipewa chakula.

Mradi ulifikia mwisho mwaka 2002. Mwaka uliofuata shirika la Save the Children la Uingereza lilitoa ripoti iliyosema kwamba kati ya vijiji vya mradi na vijiji visivyo vya mradi hapakuwa na tofauti ya maana katika hali ya watoto. Ubishi ukazuka. Mwaka 2005 kitengo cha tathmini cha Benki ya Dunia yenyewe kikaja na uchambuzi wake, kazi iliyoongozwa na mchumi Howard White, na jibu halikuwa mbali sana na lile la kwanza: kulikuwa na mafanikio, ila madogo, na yalikuwa kwa baadhi ya watu tu. Hali ya lishe ilikuwa imepanda kweli katika vijiji vya mradi, lakini miaka hiyo ilipanda Bangladesh nzima, hata pale ambapo mradi haukukanyaga.

Mizani ileile, kadi ileile ya ukuaji wa mtoto, somo lilelile. Huku kukafanikiwa, kule kukasuasua. Kwa nini?

Niseme mapema kwamba White hakuiita kazi yake tathmini ya kihalisia, yaani ile inayouliza mradi unafanya kazi kwa nani, katika hali gani na kwa njia gani. Aliiita tathmini inayofuata nadharia ya mradi, na hoja zake nyingi zilitoka katika takwimu za kaya. Mimi naichukua kesi hii na kuisoma kwa njia ya kihalisia, kwa sababu sijaona kesi nyingine inayoonyesha waziwazi namna hii kile ambacho njia hiyo inakitafuta. Mwanafalsafa Nancy Cartwright na mwenzake Jeremy Hardie nao waliitumia mwaka 2012 walipokuwa wakieleza ugumu wa kuuchukua mradi uliofaulu mahali pamoja na kuupeleka pengine.

Swali linavyobadilika

Tathmini iliyozoeleka huuliza: mradi ulifanya kazi au haukufanya? Ray Pawson na Nick Tilley, Waingereza wawili waliozoea kutathmini programu za kijamii, zikiwemo za kupunguza uhalifu, waliandika mwaka 1997 kwamba swali hilo ni dogo mno. Wakapendekeza tuulize nini kinafanya kazi, kwa nani, katika hali gani, na kwa njia gani. Mfano wao maarufu ni wa baruti. Cheche huilipua baruti, lakini si kila mara. Ikiwa imelowa, hailipuki. Ikiwa kidogo mno au haikushindiliwa, hailipuki. Nguvu ya kulipuka imo ndani ya baruti muda wote, na hali zinazoizunguka ndizo zinazoamua kama nguvu hiyo itajitokeza.

Kutoka hapo tunapata maneno matatu ambayo kazi yote ya kihalisia inayazunguka: muktadha, msukumo na matokeo. Matokeo hayana shida kuyaelewa. Neno linalowaponza wengi ni msukumo. Nimeona majedwali ambayo safu ya msukumo imejazwa vitu kama "mafunzo kwa wahudumu", "ugawaji wa chakula", "mikutano ya akina mama". Hivyo ni vitendo vya mradi. Msukumo ni kile kinachotokea ndani ya watu wanapokutana na vitendo hivyo: wanachofikiri, wanachoamini, wanachoogopa, wanachoamua. Mtafiti Sonia Dalkin na wenzake walilipanga jambo hili vizuri mwaka 2015 waliposema msukumo una nusu mbili, yaani kitu ambacho mradi unaleta na namna mtu anavyokipokea kwa fikra zake. Chakula cha nyongeza peke yake ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni mama kusema moyoni, "Kumbe mwanangu alikuwa hali vya kutosha, na hiki kidogo ninakiweza."

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtathmini wa kihalisia ni kuitoa nadharia iliyofichwa ndani ya mradi na kuiweka mezani, kwa sababu kila mradi unayo hata kama haikuandikwa popote. Katika mradi huu ilikuwa hivi: watoto wamekonda kwa kuwa mama hawajui kulisha vizuri, na si kwa umaskini peke yake, tukimwonyesha mama hali halisi ya mwanawe na kumfundisha, atabadilisha chakula cha nyumbani, na mtoto atanenepa.

Siku ya kupima

Tuanze na Tamil Nadu. Mtoto wa kati ya miezi 6 na 36 anatundikwa kwenye mizani. Mhudumu anasoma kilo, anachukua kadi, anatia nukta na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari unapanda, unalala au unashuka. Ukishuka, mtoto anaingizwa kwenye chakula cha nyongeza kwa siku 90. Akipata nafuu, anatolewa. Haikuwa posho ya kudumu. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, na udogo huo ulikuwa sehemu ya somo: mama ashuhudie kwa macho yake kwamba kinachohitajika kuuinua mstari ule si karamu, ni nyongeza ndogo inayotolewa kila siku bila kukosa.

Hata mhudumu alichaguliwa kwa hesabu. Alitafutwa mwanamke wa kijiji hichohicho, mwenye hali ya maisha kama ya majirani zake, na ikiwezekana ambaye watoto wake mwenyewe wana afya. Naliona jambo hili kuwa busara kubwa. Mwalimu wa mbali mwenye mshahara akisema "mlishe mtoto mara nyingi zaidi", ni rahisi kumjibu kimoyomoyo kwamba yeye anacho. Jirani maskini mwenye mtoto mnene huwezi kumjibu hivyo. Hapo msukumo ni ule wa kusema, "Aliye kama mimi ameweza."

Sasa hamisha picha hiyo hadi kijiji cha Bangladesh na uifuate pete kwa pete, kama mnyororo.

Pete ya kwanza ni mama kufika kituoni na mtoto. Kwa jumla walifika, na kwa wingi. Palipopungua ni katika maeneo yenye msimamo mkali zaidi kuhusu mwanamke kutoka nje ya nyumba, na kwa wanawake walioishi na mama wakwe zao. Takwimu hiyo ya mama mkwe ni ya kuiwekea alama, maana itarudi.

Ya pili ni mhudumu kumtambua mtoto anayestahili chakula. Hapa palikuwa na ufa mkubwa. Wahudumu wengi hawakuweza kuisoma kadi ya ukuaji sawasawa, hivyo wapo watoto waliohitaji wakaachwa na wapo wasiohitaji wakalishwa. Ufa wa namna hii hauhitaji falsafa yoyote kuueleza. Ni suala la mafunzo na usimamizi, na nasikitika kwamba katika mijadala ya kesi hii mara nyingi hupitwa haraka ili watu wafike kwenye sehemu yenye kisa kitamu.

Ya tatu ni chakula kuwa nyongeza kweli. Mtoto aliyekula kituoni asubuhi anaweza kupunguziwa nyumbani mchana, kwa kuwa "ameshakula". Hakuna aliyeiba. Ni kaya yenye sufuria moja na vinywa vingi inayopanga upya kilichopo. Kwenye daftari la mradi chakula kimetolewa, lakini tumboni mwa mtoto hesabu iko palepale.

Ya nne ni mama kujifunza. Hapa mradi ulifaulu. Akina mama wa vijiji vya mradi walijua zaidi kuhusu kulisha watoto na kuhusu mjamzito kula vizuri kuliko wenzao wa kwingine.

Ya tano ni mama kukitenda alichojifunza, na hapa ndipo mnyororo ulipokatika. Waliojua walikuwa wengi kuliko waliotenda, na pengo lilikuwa kubwa. Wapo waliokosa muda, wapo waliokosa fedha, na wapo waliokosa jambo la tatu ambalo mradi haukulihesabu kabisa.

Nani anapakua chakula?

Katika kaya nyingi za vijijini Bangladesh, anayekwenda sokoni ni mwanamume. Yeye ndiye anayeamua iletwe samaki au dengu, na kiasi gani. Kikishaingia ndani, katika kaya ambamo mke anaishi kwa wazazi wa mumewe, mwenye jiko ni mavyaa wake, yaani mama mkwe. Mama mkwe ndiye anayepanga kipikwe nini, kipakuliwe vipi, na nani ale kwanza. Mkamwana kijana, tena mwenye mtoto mchanga, ni mtu wa chini katika nyumba hiyo. Huyo ndiye aliyeitwa kituoni, akaonyeshwa kadi na kupewa somo.

Mfikirie anarudi nyumbani. Anajua sasa kwamba mtoto wa miezi 8 anahitaji kula mara kadhaa kwa siku na chakula kizito zaidi ya maji ya wali. Amesadiki. Nusu ya pili ya msukumo imewaka, kichwani mwake tu. Kisu, sufuria na fedha viko mikononi mwa watu wawili ambao hawakualikwa. Ili atende, itabidi amwambie mama mkwe kwamba namna alivyowalea wanawe, akiwemo huyo mume, ina kasoro. Katika nyumba ile hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba nadharia ya mradi ilikuwa "mbovu". Ilikuwa sahihi kwa nusu. Kwamba maarifa hubadilisha ulishaji ni kweli pale mwenye maarifa na mwenye uamuzi wanapokuwa mtu mmoja. Katika vijiji vya Tamil Nadu mradi ulipoanzia, mama alikuwa na sauti kubwa zaidi juu ya chakula cha mwanawe, na sharti hilo lilitimia bila mtu kulitaja. Kwa sababu lilitimia kimyakimya, halikuandikwa kwenye ripoti kama sharti. Lilionekana kama hewa. Waliouhamisha mradi walihamisha vilivyoandikwa.

Huu ndio moyo wa kisa hiki kwangu, na ndio unaonifanya niitetee njia ya kihalisia. Jaribio la kulinganisha makundi, hata likifanywa kwa ustadi wote, lingetuambia kwamba Tamil Nadu mradi ulifaulu na Bangladesh ulifaulu kidogo. Lisingetuambia ni sharti gani lililokosekana, isipokuwa mtu awe ameuliza kabla: ili jambo hili litokee, ni nani anatakiwa kufikiri nini, na baada ya kufikiri, je, ana uwezo wa kutenda?

Muktadha si ramani

Kuna mtego hapa, na wengi huuingia wakidhani wameshaelewa. Wanaandika: "muktadha ni Bangladesh, muktadha ni Tamil Nadu." Hapana. Nchi si muktadha. Muktadha ni yale mahusiano, kanuni, desturi na madaraka yanayoiruhusu fikra ya mtu iwe kitendo au yanayoizuia. Kijiji kimoja cha Bangladesh kina miktadha zaidi ya mmoja. Nyumba hii mke anaishi na mama mkwe, na nyumba ya tatu kutoka hapo mke anaishi na mume peke yake na ana biashara ndogo ya kuku. Mradi ni uleule, mhudumu ni yuleyule, na matokeo yanaweza kuachana kabisa.

Ndiyo sababu mtathmini wa kihalisia hutafuta ulinganisho wa ndani ya mradi kabla hajauona ulinganisho wa nje kuwa umemaliza kazi. Kama maelezo ya mama mkwe ni kweli, tunapaswa kuyaona yakijitokeza kati ya nyumba na nyumba: ushiriki uwe chini pale mama mkwe alipo, na pengo kati ya kujua na kutenda liwe pana zaidi. La kwanza kati ya hayo takwimu ziliunga mkono. Lakini nalo lina mipaka yake. Si kila mama aliishi na mama mkwe. Hadithi hii ya mama mkwe ni tamu, inasimulika, na utamu wake ni hatari, kwa kuwa inaweza kubebeshwa mzigo wote wa mradi uliosuasua wakati sehemu kubwa ya mzigo huo ni ya kadi zilizosomwa vibaya, muda wa mama na mfuko mtupu. Mtathmini makini huikaribisha hadithi, kisha huitafutia mpinzani. Hapa mpinzani yupo wazi: umaskini. Mama anayeishi bila mama mkwe na bado hakitendi anachokijua anatuambia kwamba kizuizi kipo pengine.

Wastani nao huficha mengi. Chukua mfano wa kubuni: watoto 100, ambapo 20 wameongezeka gramu 500 kwa sababu ya mradi na 80 hawakuongezeka chochote. Wastani ni gramu 100, na mtu ataandika kwamba mradi uliongeza kidogo kwa kila mtoto. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka gramu 100. Katika mradi wa Bangladesh chakula cha nyongeza kilionyesha nguvu zaidi kwa watoto waliokuwa na hali mbaya zaidi, na kwa upande wa wajawazito, uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa ulisogea hasa kwa mama waliokonda kupindukia. Kwa wengine ongezeko lilikuwa dogo mno. Kwa mtu anayeamua chakula kidogo kilichopo apewe nani, habari hiyo ina thamani kuliko wastani wowote.

Kuhoji kwa njia ya kihalisia

Mahojiano ya kihalisia yana tabia yake. Kwa kawaida mhoji hujificha nyuma ya maswali ya wazi: "Unauonaje mradi?" Pawson alipendekeza kinyume. Mhoji aitoe nadharia mbele ya anayehojiwa, kisha amwachie airekebishe. Wote wawili wanakuwa mwalimu na mwanafunzi kwa zamu.

Kwa kisa chetu mhoji angemwambia mkamwana: "Mama, waliotengeneza mradi walidhani ukishafundishwa utabadilisha chakula cha mtoto. Mimi nadhani pengine ulitaka, ila si wewe unayepakua. Nimekosea wapi?" Swali la namna hii linampa mtu heshima ya kukataa. Anaweza kusema, "Mama mkwe hana neno, shida ni kwamba kuanzia alfajiri niko kwenye kazi ya mpunga, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 7." Sentensi moja kama hiyo inaipasua nadharia na kuijenga upya: anayemlisha mtoto mchana ni mtoto mwingine.

Na mahojiano hayaishii kwa mama. Mama mkwe ahojiwe, tena kwa heshima ya mtu mzima anayejua kulea, maana amelea. Mume ahojiwe kuhusu soko. Mhudumu aketishwe na kadi tatu mbele yake aombwe kueleza kila mstari unasema nini. Ukiacha kumuuliza mhudumu, unaweza kuandika kurasa 100 kuhusu utamaduni huku tatizo likiwa nukta iliyotiwa mahali pasipo.

Viwango vya kuandika kazi za namna hii vipo, vinavyojulikana kama RAMESES. Vya mapitio ya kihalisia ya tafiti vilitoka mwaka 2013 na vya tathmini ya kihalisia mwaka 2016. Vinasaidia, ila havimwokoi mtu anayeanza na jedwali kabla hajaanza na swali.

Baada ya mzunguko huo nadharia ya mradi haiandikwi tena kwa sentensi moja. Kwa kisa hiki ningeiandika hivi. Pale mama anapoamua chakula cha mwanawe na kaya ina cha kuongeza, kuona mstari wa kadi ukishuka kunamshtua, kuona jirani wa hali yake akifaulu kunampa moyo, na ulishaji unabadilika. Pale uamuzi ulipo kwa mama mkwe na mume, mshtuko huo unabaki kwa asiye na jiko, isipokuwa wenye jiko nao waione kadi. Na pale kaya isipokuwa na cha kuongeza, somo haliwaki hata likimfikia kila mtu ndani ya nyumba. Chakula chenyewe ndicho kinachofanya kazi, na kinafanya hivyo zaidi kwa aliyekonda sana.

Sehemu ya pili ndiyo ningependa kuiona ikijaribiwa zaidi ya zote, kwa sababu inaweza kuwa si kweli. Huenda mama mkwe akiiona kadi atashtuka kama mama yeyote. Huenda pia akaiona kuwa karatasi ya wageni. Ningeingia nyumba kwa nyumba na maswali matatu kabla ya kupima uzito wa mtoto yeyote: chakula cha jana alikinunua nani, alikipakua nani, na nani alikula mwisho? Kisha ningezipanga nyumba kwa majibu hayo, ndipo nitundike mizani.